Funguo Tatu za Gari ya Chama

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa terrani mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Mahagi-Port. Yameandikwa hapa kwa ombi la kamati, ili wanachama ambao hawakufika na wafadhili wetu wapate kuyasoma.



Kamati iliniomba nieleze mambo ya gari. Wengi munajua tu kwamba gari ilisimama karibu mwezi mzima, samaki zikaoza, na wagonjwa walibebwa kwa moto. Wengine walisema wamekula makuta ya gari. Kwa hiyo leo nitaeleza kitu kimoja kidogo, kinachoenea ndani ya mkono: neimani, yaani ile kufuli unamoingiza funguo ya kontake. Mimi si mekanisié. Nilisoma mambo ya maendeleo, na katika kazi hii nilishika taa tu, na daftari. Lakini mutanisikiliza, sababu hii kufuli ndogo ilitaka kutuua watu.

Gari yetu munaijua. Ni Land Cruiser ya zamani, pikapu, moteri ya mazuti, bila kompyuta, bila ile mifuko ya hewa inayotoka ndani ya volani siku ya aksida. Funguo yake ilikuwa imekwisha meno. Dereva aliweza kuitoa wakati moteri inaunguruma, akaiweka mfukoni, gari ikaendelea. Tulikuwa tunacheka. Tulisema: gari yetu haihitaji hata funguo! Hatukujua tunacheka hatari.

Siku ile ilikuwa inatoka Mahagi, ikishuka kuja huku ziwani. Nyuma kulikuwa watu saba na mifuko ya mahindi. Munajua ile mteremko: Mahagi iko juu kwenye baridi, na sisi tuko chini, ziwa Albert liko karibu metre 620 juu ya bahari. Dereva alifanya kama vile madereva wengi wanafanya: alizima moteri ili achunge mazuti, gari ishuke yenyewe. Kwa Toyota ya namna hii, funguo ina mahali pane: LOCK, ACC, ON na START. Kutoka ACC kurudi LOCK, inatakiwa kusukuma funguo ndani kwanza, njo izunguke. Hiyo ni ulinzi. Lakini kwa kufuli iliyokwisha, ile ulinzi ilikuwa imekufa. Funguo ilirudi mpaka mwisho yenyewe, gari ikaruka juu ya jiwe, funguo ikaanguka chini miguuni. Halafu volani ikakamata. Kabisa. Dereva alivuta kwa mikono miwili, haikwenda.

Mungu alisaidia, volani ilikamata ikiwa imegeuka kidogo upande wa mlima, si upande wa bonde. Gari iliingia mtaroni ikasimama. Mama mmoja alivunjika mkono, wengine walichubuka. Kama ilikuwa kona inayofuata, leo tungekuwa na mkutano wa namna ingine.

Dereva mwenyewe yuko hapa, na yeye njo aliniambia niseme yote bila kuficha. Tumushukuru.

Sasa, volani ilikamata juu ya nini? Ndani ya neimani kuna ulimi wa chuma, kama ulimi wa kufuli ya mlango. Funguo ikiwa ndani, ulimi unabaki umerudi nyuma. Funguo ikiwa kwenye LOCK na ukaitoa, ulimi unasukumwa na spiringi, unatoka, unaingia katika tundu la kile chuma cha katikati kinachozunguka na volani. Hapo volani haizunguki tena. Ilitengenezwa hivi ili mwizi, hata akiunganisha waya na moteri ikawaka, asiweze kupiga kona. Ni kitu kizuri wakati gari imesimama. Wakati gari inatembea, ni kaburi.

Na moteri ikizimwa kwenye mteremko, kuna mambo mengine mawili. Volani inayosaidiwa na pompe inakuwa nzito. Na freini inapoteza nguvu yake ya kusaidia: unapata kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na mazuti tunayofikiri tunachunga? Kwa moteri hii, ukishuka na vitesi vidogo, mguu umetoka kwenye akselereta, pompe ya mazuti karibu haitoi kitu. Magurudumu njo yanazungusha moteri, na moteri inashika gari. Kwa hiyo kuzima moteri kwenye mteremko hakutupatii kitu. Tulikuwa tunauza freini na volani kwa bei ya sufuri.

Baada ya ile siku, kamati ilikaa. Kulikuwa mawazo mawili.

Wazo la kwanza lilikuwa: tukate ule ulimi kwa msumeno, tuunganishe waya mbili chini ya dashibodi, tuweke kitufe cha kuwashia, basi. Ni rahisi, ni siku moja, na gari nyingi za hapa zinatembea hivyo. Wazo la pili: tununue neimani mpya, tufungue nguzo yote ya volani, tuirudishe kama ilivyotoka kiwandani.

Mzee mmoja alisimama kutetea waya, na maneno yake yalitunyamazisha. Alisema: "Mwanzo wa mwaka 2018, wakati watu wa ufuko wa ziwa walikimbia kwenda Uganda, mimi niliona gari mbili. Moja mwenye funguo alikuwa ameshaenda na pirogi, gari ikabaki imesimama, watoto wanalia kandokando. Ya pili ilikuwa ya waya. Kijana yeyote aliweza kuiwasha. Ilibeba watu. Leo munataka kunifungia gari kwa kufuli?"

Hakuna aliyejibu haraka. Kati yetu wengi walivuka hili ziwa, wengine mpaka Hoima na kambi ya Kyangwali, wengine kwa njia ya Mahagi na Goli. Kila mtu alikumbuka kitu chake.

Jibu lilitoka kwa mama mweka hazina. Alisema: "Mzee, shida ya gari ya kwanza haikuwa kufuli. Shida ilikuwa funguo moja kwa mtu mmoja." Basi mkutano ukakata: neimani mpya, na funguo tatu. Nitarudi hapo.

Waya zenyewe zina ubaya wake, niseme kidogo. Waya zinazopita kwenye kontake zinabeba moto mwingi. Ukizisokota kwa vidole na kuzifunga na plastiki, zinalegea kwa mtetemo wa barabara, zinapata joto, plastiki inayeyuka, na sisi tunabeba mara nyingine bidoni za mazuti na za esansi. Tena gari ya waya, yule kijana yeyote anayeweza kuiwasha siku ya kukimbia, anaweza pia kuiwasha usiku na kuipeleka.

Sasa kazi yenyewe. Ilifanywa hapa hapa Mahagi-Port, chini ya mwembe, na kijana wa chama chetu aliyejifunza ufundi wakati wa ukimbizi kule Uganda. Hii nataka wafadhili waisome mara mbili: ufundi huo tulirudi nao kutoka ukimbizini, hakuna aliyetuletea. Shida ndogo ilikuwa lugha. Kijana anasema spana, dereva anasema kle. Mmoja anasema stiaringi, mwingine volani. Tulichukua karatoni tukaandika majina pande mbili, na baada ya hapo hakuna aliyeleta chombo kisichoombwa.

Jambo la kwanza: gari iliwekwa mahali sawa, magurudumu ya mbele yakitazama mbele kabisa, mawe chini ya matairi. Waya wa kutoa wa bateri ulifunguliwa. Kama gari ina bateri mbili, fungua zote mbili. Usiguse waya za kontake bateri ikiwa hai.

Jambo la pili: sahani. Tuliomba sahani sita kwa ba mama. Kila hatua na sahani yake, kila buloni ndani ya sahani ya hatua yake, na kabla ya kufungua kitu, picha kwa simu. Munaweza kuona kama mchezo wa watoto. Mutaona baadaye.

Kisha kifuniko cha honi katikati ya volani, na chini yake nati kubwa. Hapa kijana alitufundisha vitu vitatu. Kwanza, kabla ya kuvuta volani, chora alama ya rangi juu ya volani na juu ya chuma chake, ili irudi palepale. Ikikosea jino moja, utatembea sawa lakini volani imepinda, na taa za kona zitazimika upande mmoja tu. Pili, legeza nati lakini usiitoe yote. Iache ishike kwa mizunguko michache, sababu volani ikiachia kwa ghafla inakuja usoni. Tatu, tumia arashe, ile chuma ya kuvutia. Usipige nyundo. Nguzo ya volani ya gari nyingi imetengenezwa ili ijikunje siku ya aksida isimchome dereva kifuani. Ndani yake kuna vipande dhaifu kwa makusudi. Nyundo inavunja hivyo vipande na rulema zake, na huoni kitu mpaka siku ya shida.

Kwa gari mpya kidogo zenye mfuko wa hewa ndani ya volani, musijaribu hii kazi chini ya mwembe. Ule mfuko unafunguka kwa baruti. Mupeleke kwa anayejua.

Volani ilipotoka, tulifungua vifuniko vya plastiki, halafu komodo, yaani mikono ya taa na ya kupangusa kioo. Hapo neimani ikaonekana, imekumbatia nguzo.

Kama funguo inazunguka bado, kazi ni nyepesi: unaiweka kwenye ACC, unasukuma kipini kidogo kupitia tundu kwa kichuma chembamba, na roho ya kufuli inatoka peke yake. Ya kwetu ilikuwa imekataa kila kitu. Ilibidi neimani yote itoke. Na hapo kuna werevu wa kiwanda: imefungwa kwa buloni mbili zisizo na kichwa. Siku ya kufunga, kichwa kinakatika kwa makusudi, ili mwizi asipate pa kushika. Kijana alitoboa kila buloni katikati kwa sheniole, pole pole, akaingiza chombo cha kutolea kinachouma kwa kuzunguka kushoto. Moja ilitoka. Ya pili ilimchukua mchana wote; mwishoni alichonga mfereji kwa tindo na kuigonga kidogo kidogo kwa kuizungusha. Kitambaa kilifunikwa juu ya kila kitu, sababu unga wa chuma ukiingia kwenye waya za komodo unaleta shida ya kesho.

Neimani mpya tuliitafutia mbali. Hapa haikuwepo, tukaagiza Kampala, soko la Kisekka, ambako vipuri vya Toyota vimejaa. Ya kwanza iliyokuja haikufanana: tundu la ulimi lilikuwa mahali pengine na soketi ya waya ilikuwa na miguu tofauti. Hilo njo lilikula siku nyingi, si kamati. Tulijifunza: musiagize kwa maneno, mutume ile ya zamani yenyewe, ilinganishwe mkononi pale dukani.

Ya pili ilipofika, hatukuifunga mara moja. Ilijaribiwa juu ya meza, ingiza, zungusha, toa, mara hamsini, tukihesabu kwa sauti. Funguo ikiwa ndani, ulimi usitoke hata ukitikisa. Kutoka ACC kwenda LOCK, isikubali bila kusukuma. Kisha ikawekwa kwenye nguzo, buloni zikakazwa kwa mkono tu, tukajaribu tena na chuma cha katikati. Ilipopita yote, njo kijana akakaza mpaka vichwa vikakatika: tak, tak. Ukishavikata hakuna kurudi, kwa hiyo jaribu kwanza.

Kurudisha vitu ni safari ileile kwa kinyume: waya, komodo, volani kwa alama yake, nati, honi, vifuniko. Tulimaliza saa kumi na moja jioni. Watu walikuwa wamekusanyika, moteri ikawaka mara moja, wakapiga vigelegele. Wengine walianza kupanda nyuma.

Halafu mama mwenye sahani alikuja kuchukua vyombo vyake. Akasema: "Na hii?"

Ndani ya sahani ya nne kulikuwa visi moja. Ndogo kama punje ya mchele.

Munajua tulivyo. Mtu alisema itupe, gari inawaka. Mwingine alisema kila fundi anabakiza moja. Mimi mwenyewe, nakubali mbele yenu, nilitaka kunyamaza, sababu siku iliyofuata nilikuwa na ripoti ya kupeleka Bunia, na niliisha kuandika ndani yake kwamba gari imepona. Kijana alitazama picha za simu, moja baada ya ingine. Akazima moteri, akatoa bateri, akaanza kufungua upya. Giza liliingia, tukashika taa za simu.

Ile visi ilikuwa moja ya zile mbili zinazoshika kiswichi cha umeme nyuma ya neimani. Roho ya kufuli inazungusha kile kiswichi, na kiswichi njo kinapeleka moto kwenye moteri. Kwa visi moja tu kingeshika wiki moja, mwezi labda. Kisha barabara ingekitikisa, kingetoka mahali pake, na moteri ingezima yenyewe. Wapi? Mteremko uleule.

Kesho yake ripoti ilichelewa. Niliandika sababu: visi moja. Aliyeipokea Bunia alinipigia simu kuuliza kama ni mzaha.

Kisha tulifanya majaribio. Magurudumu ya mbele yakiwa hewani, volani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, tukitazama kama waya inavutwa au inasagwa. Honi. Taa za kona, zizimike zenyewe pande zote mbili. Kisha uwanja wa mpira, bila abiria, na barabara ya tambarare. Mteremko ulikuwa wa mwisho.

Sasa sheria ambazo kamati imekata, na zimebandikwa ndani ya gari.

Moja: funguo hairudishwi nyuma mpaka gari isimame kabisa. Kwenye mteremko, moteri inawaka, vitesi vidogo.

Mbili: funguo ya kontake inatembea peke yake. Si pamoja na funguo za stoo, za nyumba, na kile kikopo cha kufungulia chupa. Uzito ukining'inia na kuruka, unakula kufuli, na unaweza kuirudisha nyuma. Musifikiri ni mambo ya gari za maskini. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita gari zipatazo milioni 2.6 zirudi, sababu swichi ya kontake ilikuwa laini mno: funguo nzito au mshtuko wa barabara ziliweza kuizimisha gari ikitembea, na mifuko ya hewa haikufunguka. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Kule pia, kulikuwa watu waliojua mapema wakanyamaza.

Tatu: funguo ni tatu. Moja kwa dereva. Moja kwa mama mweka hazina. Moja kwa kamati ya usalama ya kijiji, ndani ya bahasha iliyofungwa, inayofunguliwa siku ya hatari au ya mgonjwa wakati dereva hayuko. Na vijana wanne, wawili wasichana, wanajifunza kuendesha, sababu funguo bila anayejua haibebi mtu. Mzee wangu, hili njo jibu la swali lako. Tuliona gari iliyobaki imesimama na watoto wakilia kandokando. Hatutaki kuiona tena.

Nne: sahani hazirudi jikoni mpaka zote ziwe tupu.

Kwa wafadhili wetu nina neno moja, na ninalisema kwa heshima. Katika bajeti nyingi ninazojaza kuna mstari wa mazuti, na mara nyingine mstari wa kununua gari. Mstari wa matengenezo ni mwembamba, na ukizidi unaulizwa maswali. Hii kazi ililipwa na michango ya wanachama na sehemu ya faida ya samaki. Hesabu zote ziko katika daftari ya mama mweka hazina, yeyote aje atazame, hata leo, pamoja na ile neimani ya kwanza isiyofanana, ambayo bado tunaidai. Tunaomba mutusaidie seti ya vyombo vya kijana: arashe nzuri, spana ya kupimia nguvu, na kipimo cha umeme. Hatuombi gari mpya. Ile ya zamani inatosha, ikitunzwa.

Mwisho, yule mama aliyevunjika mkono ameketi pale mbele, mkono umepona. Wiki iliyopita alipanda gari kwenda Mahagi kuuza samaki ya chumvi. Kabla ya kupanda, alimwambia dereva: nionyeshe funguo. Dereva akamwonyesha. Nawaomba wote mufanye kama yeye. Kila mtu anayepanda ana haki ya kuuliza.